Mzizi, Fuwele na Mwarobaini: Darsa kutoka Maisha ya Profesa Salimuzzaman Siddiqui



Ndugu zangu wanafunzi, kaka na dada, katika sehemu hii ya jarida letu tumezoea kusoma wasifu wa maimamu wa hadithi na fiqhi. Safari hii ninawaletea mtu ambaye hakuwa sheikh wala mufti. Alikuwa mwanakemia. Alitumia zaidi ya miaka 60 kuchunguza mimea ambayo mababu zake waliitumia kama dawa, na kazi yake ni sehemu ya msingi ambao wafamasia wa leo wanausimamia.

Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, wala si mfamasia. Kilichonivuta kwake ni somo la fiqhi, mlango wa dhamana. Imepokewa katika Sunan za Abu Dawud na Ibn Majah kwamba mtu anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu hiyo, yeye ndiye mwenye kubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Tulipofika hapo nikajiuliza: sasa elimu ya dawa inapatikanaje? Mmea unatokaje kwenye mdomo wa mzee hadi ukaitwa dawa kwa haki? Nilipoanza kutafuta jibu, jina la Siddiqui likawa linarudi kila mara.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kila Ijumaa baada ya swala, nje ya misikiti yetu mingi hupangwa chupa na vifurushi: habasoda, asali, unga wa mizizi, maji ya mwarobaini. Kuuza vitu hivyo si dhambi, na baadhi yake vina manufaa. Tatizo huja muuzaji anapoinua chupa moja na kusema inatibu presha, kisukari, vidonda vya tumbo, utasa na malaria, kisha akataja hadithi ili kufunga mjadala.

Kule nyumbani tuna jirani, mama mtu mzima, ambaye alikuwa akimeza vidonge vya kisukari kwa miaka kadhaa. Muuzaji mmoja akamwambia vidonge vinamharibu, atumie majani machungu peke yake kwa kuwa ni dawa ya asili na haina madhara. Akaacha vidonge. Baada ya miezi michache kidonda kidogo cha mguuni kikakataa kupona, na mwisho mguu ukakatwa. Leo anatembea kwa magongo. Aliyempa ushauri ule bado anauza chupa zake, wala hakuna aliyemuuliza habari ya dhamana.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Hilo tunalisema sana kwenye mimbari. Lakini katika riwaya ya Jabir iliyomo katika Sahihi Muslim kuna jambo ambalo hatulisemi sana: uponyaji huja, kwa idhini ya Allah, pale dawa inapoafikiana na ugonjwa. Kuafikiana maana yake ni dawa yenyewe, kwa ugonjwa wenyewe, kwa kiasi chake. Maisha ya Siddiqui yote yalikuwa kazi ya kutafuta kuafikiana huko.

Mwanafunzi wa falsafa na Kifarsi

Salimuzzaman Siddiqui alizaliwa mwaka 1897 katika India ya kaskazini, eneo la karibu na mji wa Lucknow. Alisoma katika chuo cha Waislamu cha Aligarh, na masomo aliyohitimu nayo mwaka 1919 yalikuwa falsafa na lugha ya Kifarsi. Wale wenzangu wa kitivo cha dini na lugha ambao huambiwa kila siku kwamba sayansi si yao, naomba wasome sentensi hiyo mara mbili.

Mwaka 1920 alikwenda London kusomea udaktari. Mwaka uliofuata akabadili njia, akavuka kwenda Frankfurt, Ujerumani, kusoma kemia. Huko alifanya utafiti chini ya Profesa Julius von Braun na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1927. Alikuwa pia mchoraji, na michoro yake ilionyeshwa Frankfurt wakati akiwa bado mwanafunzi.

Ujerumani ya wakati huo ilikuwa na walimu na maabara bora za kemia duniani. Kijana mwenye shahada ile angeweza kubaki. Yeye alirudi Delhi, na kilichomrudisha ni kazi aliyokuwa anasubiriwa kuifanya.

Hakim aliyetaka maabara

Aliyekuwa akimsubiri ni Hakim Ajmal Khan. Neno hakim hapa lina maana ya tabibu wa tiba ya Kiyunani, ile tiba iliyoanzia kwa Wagiriki, ikalelewa na kukuzwa na matabibu wa Kiislamu kama Ibn Sina, kisha ikafika India. Ajmal Khan alizaliwa mwaka 1868 katika ukoo maarufu wa mahakim wa Delhi. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chuo Kikuu cha Jamia Millia Islamia mwaka 1920 na mkuu wake wa kwanza. Alianzisha pia Chuo cha Tibbia cha Delhi, ambamo tiba ya Kiyunani na ile ya Ayurveda zilifundishwa pamoja.

Mtu huyu hakuwa na haja ya kumthibitishia yeyote kwamba dawa zake zinafanya kazi. Wagonjwa walijaa mlangoni kwake, na jina la ukoo lilitosha. Hata hivyo yeye ndiye aliyetaka chuo chake kiwe na idara ya utafiti, ambapo dawa za mababu zake zingepelekwa mbele ya kemia ya kisasa, moja baada ya moja. Kazi hiyo akamkabidhi Siddiqui. Ajmal Khan alifariki Desemba 1927, kabla ya kuona matunda yake.

Hapa ndipo palipo na kiini cha darsa hii. Wengi wetu tunadhani anayetaka dawa ya asili ipimwe ni adui wa dawa ya asili. Katika kisa hiki, aliyetaka ipimwe ni mrithi wake mkubwa kuliko wote. Hakuogopa, kwa kuwa alitaka kujua ukweli wa urithi wake zaidi ya alivyotaka kusifiwa kwa ajili yake.

Kutoka mzizi hadi fuwele

Mmoja kati ya mimea aliyoanza nayo Siddiqui ni mti mdogo ambao wanasayansi wanauita Rauwolfia serpentina. Kwa Kisanskriti unaitwa sarpagandha. Watu wa India waliutumia mzizi wake kwa karne nyingi: kwa aliyeumwa na nyoka, kwa asiyepata usingizi, na hasa kwa mwenye wazimu, hata sehemu nyingine ukaitwa dawa ya kichaa. Mzizi mmoja, madai mengi, kama chupa zetu za Ijumaa.

Kazi ya mwanakemia ni kuuliza: katika mzizi huu wote, ni kitu gani hasa kinachofanya kazi? Mzizi una wanga, nyuzinyuzi, rangi, mafuta, chumvi na mamia ya vitu vingine. Njia ya kuvitenga, kwa maelezo ya kawaida, ni hii. Mzizi unakaushwa na kusagwa. Unga unalowekwa katika spiriti ili vitu vinavyoyeyuka vitoke. Spiriti inavukizwa, inabaki nta nzito ya rangi ya kahawia. Katika nta hiyo mna kundi la vitu linaloitwa alkaloidi. Hizi ni kemikali chungu zenye naitrojeni, na nyingi zina nguvu kubwa mwilini. Kwinini, kafeini na mofini zote ni alkaloidi. Zina tabia moja inayomsaidia mtafiti: ukitia asidi huyeyuka katika maji, na ukitia magadi au kitu kingine cha aina yake hujitenga na maji yale. Kwa kwenda na kurudi hivyo mara nyingi, uchafu unaachwa nyuma, mpaka siku moja chini ya chombo zinaonekana fuwele, chembe ndogo zinazong'aa kama sukari.

Fuwele zikipatikana kazi bado. Zinayeyushwa na kugandishwa tena, kisha zinapimwa zinayeyuka katika joto la nyuzi ngapi. Zikiyeyuka mahali pamoja kila mara, ni dalili kwamba ni kitu kimoja safi, si mchanganyiko.

Mwaka 1931 Siddiqui, pamoja na mwenzake Rafat Husain Siddiqui, walitangaza kwamba wametenga alkaloidi tano kutoka mzizi ule. Mbili waliziita kwa jina la mmea: serpentine na serpentinine. Tatu waliziita ajmaline, ajmalinine na ajmalicine. Ukizitazama unaona jina la nani limo ndani yake. Hakim Ajmal Khan alikuwa kaburini miaka minne, na jina lake likaingia katika vitabu vya kemia vya dunia nzima.

Ajmaline iko hospitalini mpaka leo. Ni dawa inayorekebisha mapigo ya moyo yaliyovurugika. Aidha, katika nchi nyingi madaktari huitumia kugundua ugonjwa unaoitwa Brugada, ulioelezwa mwaka 1992, ambao unaweza kumuua ghafla kijana anayeonekana mzima. Daktari humwingizia mgonjwa ajmaline kidogo kwenye mshipa huku akiangalia mashine ya moyo, na alama ya ugonjwa hujitokeza. Katika orodha ya zamani ya matumizi ya mzizi ule, ugonjwa huu haukuwemo. Upimaji ulionyesha matumizi ambayo mababu hawakuyajua.

Ndugu zangu wa somo la hadithi, mimi nilipoisoma njia hii niliitambua. Muhadith hapokei maneno kwa sababu aliyeyasema ana ndevu nyeupe. Anauliza: umeyapata kwa nani, naye kwa nani, kila mmoja ana uadilifu gani na hifadhi gani? Anatenga sahihi na dhaifu, na lililozuliwa analiweka kando hata kama maana yake inapendeza. Hakuna aliyesema kwamba Imam Bukhari aliidharau Sunna kwa kuichuja. Tunasema aliihifadhi. Amri ya kubainisha habari kabla ya kuifanyia kazi, iliyomo katika Surat al-Hujurat aya ya 6, inatosha kuwa mwongozo hata mbele ya chupa ya dawa, kwa sababu aya yenyewe inataja hatari ya kuwadhuru watu kwa kutojua.

Wala jambo hili si geni katika historia yetu. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Málaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, alikusanya kitabu chenye dawa na vyakula vipatavyo 1,400, na alikuwa akitofautisha alichokiona na kukijaribu mwenyewe na alichonakili kwa wengine. Siddiqui aliendeleza desturi hiyo kwa vyombo vya karne yake.

Mzizi mmoja, dawa na madhara

Hadithi ya mzizi wa sarpagandha haikuishia kwa Siddiqui. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo ya kuutumia kwa wagonjwa wa presha. Mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, Uswisi, wakatenga alkaloidi nyingine ndani ya mzizi huohuo na kuiita reserpine. Ikawa miongoni mwa dawa za mwanzo za kushusha presha zilizotumika duniani kote, na ikatumika pia kwa wagonjwa wa akili. Madai mawili ya zamani, utulivu na wazimu, yakaonekana kuwa na msingi.

Lakini upimaji uleule ulioithibitisha ndio uliofichua upande wake wa pili. Wagonjwa wengine waliotumia reserpine walipatwa na huzuni nzito, pua kuziba, usingizi wa kupita kiasi. Leo ni nadra daktari kuiandika kwa sababu zimepatikana dawa bora zaidi.

Basi mtu akikuambia dawa ya mti haina madhara kwa kuwa ni ya asili, mkumbushe mzizi huu. Kitu chenye nguvu ya kushusha presha kina nguvu ya kuishusha kupita kiasi. Mfamasia anajua ndani ya kidonge mna miligramu ngapi. Katika kikombe cha mizizi iliyochemshwa hakuna anayejua: inategemea udongo, msimu, umri wa mti na muda uliokaa jikoni.

Mwarobaini

Sasa tuje kwenye mti tunaoujua sote. Mwarobaini jina lake linatokana na arobaini, kwa itikadi kwamba unatibu maradhi arobaini. Ulifika pwani ya Afrika Mashariki kutoka India, ukaota, ukawa wetu. Jina lake la kisayansi, Azadirachta indica, limetokana na Kifarsi, azad dirakht, yaani mti huru.

Siddiqui, aliyesoma Kifarsi na aliyekulia katika nchi ya mti huo, aliugeukia. Mwaka 1942 alitangaza kwamba kutoka mafuta ya mbegu zake ametenga vitu vichungu vitatu: nimbin, nimbinin na nimbidin. Ndiye mwanakemia wa kwanza kuuleta uchungu wa mwarobaini mbele ya wanasayansi ukiwa umetengwa na kupewa majina. Aliendelea kurudi kwenye mti huu hadi uzeeni.

Je, maradhi arobaini yalithibitika? Hapana, na hilo ni funzo kubwa. Kilichothibitika kwa nguvu zaidi ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan wakati nzige walipovamia. Aliona wamekula kila kijani isipokuwa majani ya mwarobaini. Mwaka 1968 watafiti wa Uingereza wakatenga kitu kinachowafukuza nzige hao, wakakiita azadirachtin. Muundo wake ni mgumu mno hata ulijulikana sawasawa mwaka 1985 tu, na wanakemia wa Cambridge walipofaulu kuutengeneza wenyewe, mwaka ulikuwa 2007, baada ya kazi ya miaka 22. Leo azadirachtin ni kiuadudu kinachouzwa kwa wakulima katika nchi nyingi.

Na upande wa madhara? Huko Malaysia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari walieleza habari za watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini kama dawa ya nyumbani. Walitapika, wakalegea, wakapatwa na degedege, na maini na ubongo vikaathirika. Wapo waliokufa. Wazazi wao walikuwa na nia njema kabisa. Nia njema haikubadilisha kilichokuwemo kwenye kijiko.

Sisemi watu waung'oe mwarobaini. Kivuli chake ni rehema, na vijiti vyake vya kupigia mswaki vimetumika vizazi kwa vizazi. Ninachosema ni kwamba arobaini ni hesabu ya mapenzi yetu kwa mti, si hesabu ya maabara. Mwenye kisukari akiunywa pamoja na vidonge vyake bila kumwambia daktari, sukari yake inaweza kushuka kwa hatari. Akiunywa badala ya vidonge, tumeshaona yaliyompata jirani yetu.

Kujenga kitakachobaki

Mwaka 1951, kwa mwaliko wa Waziri Mkuu Liaquat Ali Khan, Siddiqui alihamia Pakistan, nchi changa isiyo na maabara za kutosha. Mwaka 1953 akaanzisha baraza la taifa la utafiti wa sayansi na viwanda. Mwaka 1961 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, heshima ambayo wanasayansi wengi wakubwa hawaifikii.

Alipostaafu kazi ya serikali alikuwa anakaribia miaka 70. Wengi hapo hurudi kijijini kupumzika. Yeye mwaka 1967 alikwenda Chuo Kikuu cha Karachi kuanzisha taasisi ya kemia kwa ajili ya wanafunzi wa shahada za juu. Mwaka 1976 taasisi hiyo ilipata mchango mkubwa kutoka wakfu wa familia ya wafanyabiashara, ikapewa jina la Husein Ebrahim Jamal, na ndilo inalojulikana nalo mpaka leo. Tukumbuke hapa maana ya wakfu. Kwetu tukisikia wakfu tunafikiria msikiti, kisima na makaburi, na hayo yote ni mema. Lakini mashine ya kupimia dawa nayo ni sadaka inayoendelea.

Siddiqui aliendelea kufanya utafiti akiwa amepita miaka 90. Alifariki Karachi mwaka 1994. Aliacha nyuma yake wanafunzi, na wanafunzi wa wanafunzi wake, ambao bado wanachambua mimea.

Na sisi huku

Sisi hatuko mbali na habari hizi kama tunavyodhani. Ndugu yake sarpagandha, Rauvolfia vomitoria, anaota katika misitu ya Uganda na Kongo, na mizizi yake imekuwa moja ya vyanzo vya reserpine. Bukavu, mashariki ya Kongo, kiwanda cha Pharmakina kinatengeneza kwinini kutoka magome ya miti inayopandwa katika milima ya eneo hilohilo. Hapa Uganda tunayo maabara ya serikali ya kuchunguza dawa za mitishamba, Wandegeya mjini Kampala, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina kituo cha utafiti na mafunzo ya dawa za asili. Tangu mwaka 2019 ipo pia sheria inayohusu matabibu wa tiba za asili na tiba mbadala.

Milango basi ipo. Kinachokosekana ni watu wa kuipitia, na hasa watu wanaoweza kusimama katikati: anayejua lugha ya mzee mwenye mzizi na lugha ya mfamasia mwenye mizani. Siddiqui aliweza kwa sababu alisoma vyote viwili, na kwa sababu alipata mlezi ambaye hakuogopa maswali.

Tulichojifunza

Kwanza, kuuhakiki urithi ni njia ya kuuheshimu. Hakim Ajmal Khan aliukabidhi urithi wake kwa mwanakemia, na ndiyo maana jina lake bado linatajwa hospitalini.

Pili, hadithi sahihi kuhusu tiba isigeuzwe tangazo la biashara. Kusema Allah ameteremsha dawa ni imani. Kusema dawa hiyo ndiyo hii chupa, kwa ugonjwa wako wewe, ni dai linalohitaji ushahidi, na asemaye bila elimu anabeba dhamana.

Tatu, sisi wa masomo ya dini tuna wajibu maalumu, kwa kuwa watu wanatuamini. Tukipewa kipaza sauti msikitini, tusimpigie debe muuzaji ambaye hatujui ndani ya chupa yake mna nini. Na mgonjwa akitujia kwa ruqya, tumsomee, kisha tumwambie wazi asiache vidonge vyake mpaka daktari amwambie.

Nne, elimu hii inataka subira. Kutoka fuwele za ajmaline mwaka 1931 mpaka kujulikana muundo wake wenyewe, ilibidi kungoja miaka ya 1950. Anayekuahidi dawa ya maradhi arobaini kwa wiki moja hajui anachokisema.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Muuzaji wa mitishamba akimshauri mgonjwa aache dawa za hospitali, na mgonjwa akadhurika, hukumu ya dhamana inamhusu vipi? Je, imamu aliyemruhusu atangaze msikitini ana sehemu yoyote?

2. Kuna mfanano gani na tofauti gani kati ya kuhakiki sanad ya hadithi na kuhakiki mmea maabarani?

3. Jumuiya yetu ina wanafunzi wa famasia, uuguzi na kemia. Tunaweza kuandaa vipi darsa ya pamoja, ili kabla ya Ramadhani wagonjwa wa kisukari na presha katika mitaa inayozunguka chuo wapate ushauri wa kuaminika kuhusu dawa zao?

4. Katika mji unaotoka, ni mzee gani anayejua mimea ambaye elimu yake haijaandikwa popote? Nani ataiandika, na nani ataipima?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Profesa Siddiqui na Hakim Ajmal Khan, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa na ulimi usiosema usilolijua. Aamin.

Wabillahi tawfiq.